Chembe Cha, Chembe Ya

Saa nne asubuhi, hospitali ya Ibra,
namba yetu ya foleni mia na kumi na saba.
Bibi yangu, Shinuna binti Muhanna,
amejifunga kanga ya Wete chini ya abaya,
ngumi ameibana kifuani.
Daktari, mwanamke wa Khartoum mwenye miwani,
ananiuliza mimi, maana Kiarabu cha bibi
ni cha sokoni na cha sala tu:
panamuuma wapi?

"Chembe cha moyo," akasema bibi.

Nami niliyezaliwa hapa hapa, niliyejifunza Kiswahili
jikoni, kwa kukaripiwa,
nikasikia chembe ya.
Chembe ya chumvi. Chembe ya mchanga kwenye kiatu.
Chembe ya dhahabu, sonara akizuia pumzi isipeperuke.
Nikafasiri: dharra. Dharra ya moyo wake, daktari,
punje moja tu ya moyo ndiyo inayouma.

Daktari akavua miwani.
Moyo ni neno lisilopanga foleni.
Wakamlaza, wakambandika nyaya,
vibandiko baridi juu ya kifua kilichonyonyesha saba,
mashine ikaandika vilima na mabonde,
vilima na mabonde, kama njia ya kwenda Wadi Bani Khalid,
karatasi ikateremka hadi sakafuni.
Moyo mzima, akasema muuguzi. Moyo wa kijana.

Bibi akanitazama kwa jicho lile
la siku niliyotia sukari kwenye mchuzi wa papa.
"Umewaambia nini, wewe?"
Nikamwambia. Akafumba macho, na pale pale kitandani,
nyaya zikiwa bado zimemganda, akanipa beti:

*Si tumboni si moyoni, mwanangu sikia vyema,*
*kishimo cha kifuani, ambapo mbavu hukoma,*
*dawa yake si dukani, wala si ya kuipima;*
*hapo chembe kikichoma, hucheki wala hulii.*

Kisha akamshika daktari kidole, na glavu yake ya buluu,
akakishusha juu ya mfupa wa kidari, taratibu,
mpaka mfupa ulipokwisha,
akakizamisha. Pakabonyea kama unga uliolala.

"Aa," akasema daktari. "Fam al-mi'da."
Mdomo wa tumbo.
Kumbe wao wamepaita mdomo,
na sisi tumepaita ncha ya mshale,
kwani chembe, chembe cha, ndicho hicho:
kile chuma cha mbele, kinachofika kwanza.
Mimi nilikuwa nimebeba punje
mahali pa chuma.

Vidonge vya asidi, kimoja kabla ya kifungua kinywa.

Ndani ya gari nikamwomba anifundishe tena.
"Mtoto akishikwa na kwikwi, hapo unampaka mafuta ya nazi.
Mtu akikupiga hapo, pumzi inakwenda Pemba bila nauli.
Bahasha ikija na mwandiko usioujua,
hapo panaisoma kabla hujaichana."

"Na leo, bibi?"

"Leo? Jana usiku nilikula halwa. Nusu bakuli."
Akacheka mpaka akakohoa.

Tukapita mzunguko wa soko, tukapita duka la matairi,
tukasimama kwenye taa nyekundu
nyuma ya pikapu iliyopakia mbuzi watatu.
"Na Zuwena," akasema, akiwaangalia mbuzi,
"hajapiga simu tangu Shaabani."

Sikuwa na neno la kufasiri,
wala hapakuwa na wa kumfasiria.
Taa ikageuka kijani. Nikaona mkanda wa gari
ulivyompita, kutoka begani kwenda kiunoni,
umekata papo hapo.
Nikaunyoosha mkono, nikaulegeza kidogo.